Kukataa usawa wa joto: ni milele, au ni muda mrefu tu?

Mwezi Mei 2019 wanafizikia wanne wa Ljubljana nchini Slovenia, Jan Šuntajs, Janez Bonča, Tomaž Prosen na Lev Vidmar, walisambaza andiko lililowasha moto katika tawi zima la utafiti. Kwa zaidi ya miaka kumi wataalamu wengi walikuwa wameshakubali kwamba ipo hali ya mata, waliyoiita kukwama kwa chembe nyingi, ambamo chembe nyingi za kwanta, hata ziachwe ziathiriane kwa muda wowote ule, hazifikii kamwe usawa wa joto, yaani hazisambazi nishati yao na kusahau zilivyoanza. Hawa wanne wakasema huenda hali hiyo haipo. Huenda kilichoonekana kwenye kompyuta ni mifumo midogo mno, iliyopimwa kabla haijapata nafasi ya kuonyesha tabia yake. Majibu yalikuja haraka, mengine makali, na hadi leo hakuna upande uliosalimu amri.

Kwa kuutazama juujuu, mtu anaweza kudhani huu ni ugomvi wa mabingwa wachache kuhusu minyororo ya sumaku ndogondogo ambayo hakuna atakayeishika mkononi. Mimi nauona tofauti. Kinachogombaniwa ni swali lile lile lililomsumbua Ludwig Boltzmann maisha yake yote: kwa nini themodinamiki, sayansi ya joto na nishati, inafanya kazi? Na pale inapoonekana kushindwa, imeshindwa kweli au imechelewa tu? Nitajitahidi kuwatendea haki watetezi na wenye shaka, lakini sitajifanya sina msimamo. Naamini sehemu kubwa ya ukali wa mjadala huu inatokana na kuchanganya madai mawili yanayohitaji ushahidi wa aina mbili tofauti.

Mwaka 1872 Boltzmann alitoa hoja ya kihesabu kwamba gesi ikiachwa yenyewe huelekea kwenye usawa, na entropia yake, yaani kipimo cha mchafuko wake, hupanda. Mwaka 1876 Josef Loschmidt akamkumbusha kwamba milinganyo ya mwendo haijui mbele wala nyuma: geuza mwelekeo wa kila molekuli na gesi itarudi ilikotoka. Miaka ishirini baadaye Ernst Zermelo akaja na silaha nzito zaidi, tiorema ya Henri Poincaré ya mwaka 1890, inayosema kwamba mfumo uliofungwa, ukisubiriwa vya kutosha, utarudi karibu kabisa na hali ulioanzia. Jibu la Boltzmann kwa Zermelo, ukilichambua, lilikuwa hesabu ya muda. Ndiyo, gesi itarudi, lakini baada ya muda mrefu kiasi kwamba umri wa ulimwengu ni kitu kidogo mno mbele yake. Tuliweke jibu hilo akilini, kwa sababu ndilo linalorudi tena na tena katika kisa hiki.

Katika fizikia ya kwanta tatizo lilizidi kuwa baya. Mlinganyo wa Schrödinger hauruhusu taarifa yoyote kupotea. Mfumo uliotengwa kabisa na mazingira, ukianza katika hali moja inayojulikana kikamilifu, utabaki katika hali moja inayojulikana kikamilifu, na entropia ya mfumo mzima haitapanda hata kidogo. Basi joto linatoka wapi? John von Neumann alilishika swali hilo mwaka 1929, lakini jibu linalotumika leo lilijengwa baadaye: Josh Deutsch mwaka 1991, Mark Srednicki mwaka 1994, kisha Marcos Rigol, Vanja Dunjko na Maxim Olshanii mwaka 2008, ambao hesabu zao za kompyuta ziliwafanya wengi walichukue jambo hili kwa uzito. Nadharia tete yao ni ya kushangaza. Wanasema kwamba katika mfumo wa kawaida wa chembe nyingi, kila hali yenye nishati maalumu, ukiangalia kipande chake kidogo tu, tayari inafanana na mfumo wenye joto. Mwendo wa wakati hautengenezi joto. Joto limo tayari ndani ya kila hali, na kazi ya wakati ni kuuvunja mpangilio wa awali uliokuwa umelificha.

Hili lingebaki falsafa kama lisingeonekana maabara. Mwaka 2016 kundi la Markus Greiner katika Chuo Kikuu cha Harvard lilipanga atomu sita za rubidi-87 katika mstari wa vituo sita vilivyotengenezwa kwa miale ya leza, likatengeneza na nakala ya pili ya mstari huohuo pembeni. Darubini yao iliweza kuona atomu moja moja. Kwa kuzifanya nakala hizo mbili ziingiliane kama mawimbi, waliweza kupima jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa kwenye karatasi tu: mfumo ni safi kiasi gani, yaani bado uko katika hali moja, au umekuwa mchanganyiko wa hali nyingi. Wakaupima mstari mzima, wakakuta bado uko karibu na usafi wake wa mwanzo. Wakapima kituo kimoja au viwili peke yake, wakakuta atomu zimesambaa kama ambavyo kanuni za joto zingetabiri. Entropia waliyoiona kwenye kipande ilikuwa ni mfungamano wa kikwanta, yaani kushikamana kwa hali zao, kati ya kipande hicho na sehemu iliyobaki. Atomu sita zilitosha kuonyesha jinsi kitu kisichopoteza taarifa yoyote kinavyoweza kuonekana kimeipoteza. Sijui jaribio jingine la karne hii linalojibu swali la Boltzmann kwa ufupi kiasi hicho.

Kwa hiyo kanuni ipo, na imeonekana. Sasa tuje kwa wakaidi.

Wakaidi wa kwanza walikuwa wa zamani zaidi, na si wa kwanta. Mwaka 1955 ilitoka ripoti ya maabara ya Los Alamos nchini Marekani iliyobeba majina ya Enrico Fermi, aliyekuwa amekwishafariki, John Pasta na Stanislaw Ulam, pamoja na kazi ya Mary Tsingou aliyeandika programu ya kompyuta na ambaye ilichukua miongo mingi kabla mchango wake haujatambuliwa ipasavyo. Waliunganisha vipande kama springi katika mnyororo, wakatia nishati katika mtikisiko mmoja mpana, wakitarajia isambae kwenye mitikisiko yote. Haikusambaa. Ilihama hapa na pale, kisha ikarudi karibu yote ilikoanzia. Ugunduzi huo ulizaa matawi mazima ya hisabati. Lakini kazi za baadaye zilionyesha kwamba ukisubiri zaidi, wakati mwingine zaidi sana, nishati ile husambaa. Ukaidi ule ulikuwa wa muda.

Mkaidi wa pili alitoka Jimbo la Pennsylvania. Mwaka 2006 Toshiya Kinoshita, Trevor Wenger na David Weiss walizibana atomu za rubidi ndani ya mirija ya mwanga iliyo myembamba kiasi kwamba zinaweza kusogea mbele na nyuma tu, wakayagawa mafungu mawili na kuyaacha yagongane. Yaligongana maelfu ya mara bila kufikia usawa wa joto. Sababu inajulikana: mfumo wa namna hiyo una idadi kubwa mno ya vitu vinavyohifadhiwa, si nishati na idadi ya atomu pekee, na kila kimoja ni pingu inayozuia mchanganyiko kamili. Ila ukaidi huu ni dhaifu. Uguse mfumo kidogo, uuondoe kwenye muundo wake maalumu, na pingu zinaanza kulegea.

Wakaidi wa tatu ndio wanaogombaniwa. Mwaka 1958 Philip Anderson alionyesha kwamba elektroni inayosafiri katika mata yenye vurugu, ambapo kila kituo kina nishati yake iliyopangwa kiholela, inaweza kukwama kabisa, kwa sababu mawimbi yake yanayotoka pande zote yanafutana. Kazi hiyo ilichangia Tuzo ya Nobel aliyoipata mwaka 1977 pamoja na Nevill Mott na John Van Vleck. Hoja ya Anderson ilihusu chembe zisizoathiriana. Chembe zikianza kuathiriana, je, moja haiwezi kuisukuma nyingine hadi zote zikwamuke? Mwaka 2005 Igor Gornyi, Alexander Mirlin na Dmitry Polyakov, na mwaka 2006 Denis Basko, Igor Aleiner na Boris Altshuler, walifanya hesabu ndefu na kujibu kwamba hapana, kukwama kunaweza kudumu. Kisha David Huse na wenzake wakaihamishia picha hiyo kwenye minyororo ya spini, yaani sumaku ndogo za kwanta zilizopangwa mstarini, ambayo kompyuta inaweza kuikokotoa. Mwaka 2015 kundi la Immanuel Bloch mjini Munich likaonyesha atomu za potasi-40 zilizopangwa kituo kimoja ndiyo, kingine hapana. Vurugu ikiwa kubwa, atomu hizo ziliendelea kukumbuka mpangilio huo hata baada ya muda ambao, bila vurugu, ungetosha kuufuta kabisa.

Ni rahisi kuona kwa nini watu walisisimka. Mfumo uliokwama namna hii unahifadhi kumbukumbu ya mwanzo wake katika kila sehemu yake. Hauna pingu chache zinazovunjika kwa kuguswa. Una pingu kwa kila kituo, na ukiubadilisha kidogo, pingu nazo zinajirekebisha na kubaki. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yake na mirija ya Pennsylvania, na ndiyo sababu watetezi wanaiita hali ya mata na si bahati ya muundo mmoja. Mwaka 2016 John Imbrie alichapisha hoja ya kihesabu kwamba katika mnyororo wenye vurugu kali, kukwama huku ni kwa kweli. Hoja yake inategemea dhana moja, kwamba viwango vya nishati vya mfumo haviwi na tabia ya kurundikana pamoja kupita kiasi. Dhana hiyo inaonekana ya busara, na sijawahi kusikia mtu akidai ni ya uongo. Lakini haijathibitishwa, na katika hisabati kinachoonekana cha busara bado si tiorema.

Niseme jambo moja kwa haraka, kwa sababu linapotoshwa mno katika habari za sayansi. Mfumo unaokataa usawa wa joto hauvunji kanuni ya pili ya themodinamiki. Kanuni hiyo inasema entropia haitashuka yenyewe. Haikuahidi kwamba itafika kileleni kwa tarehe fulani. Yeyote anayeuza kukwama kwa kwanta kama mashine ya kupata nishati bure anasema uongo.

Twende sasa kwenye hoja ya wenye shaka, na hapa inafaa tukae.

Kukokotoa mnyororo wa spini kikamilifu ni kazi inayokua kwa kasi ya kutisha. Kila spini ina hali mbili, hivyo spini 22 zina hali 4,194,304. Ukijifunga kwenye hali ambazo nusu ya spini zimeelekea juu na nusu chini, unabaki na 705,432. Jedwali la kihesabu la mfumo huo lina visanduku karibu bilioni 498. Vingi vyake ni sifuri, na ndiyo maana mwaka 2015 David Luitz, Nicolas Laflorencie na Fabien Alet waliweza, kwa mbinu za kijanja, kuchomoa hali za katikati ya wigo wa nishati katika mnyororo wa urefu huo. Kazi yao ilikuwa kipimo cha juu kwa wakati wake, na ilionyesha kwamba mpaka kati ya mfumo unaopata joto na unaokwama unapitika pale kiwango cha vurugu kinapokuwa karibu 3.7, kwa kipimo kinacholinganisha vurugu na nguvu ya kuathiriana kati ya spini jirani. Ongeza spini mbili tu, na hali 705,432 zinakuwa 2,704,156. Fika spini 40, na zinazidi bilioni 137. Hakuna kompyuta ya kawaida, iliyopo au inayopangwa, itakayokokotoa jedwali hilo kikamilifu.

Kwa hiyo kila kauli kuhusu mfumo mkubwa inatokana na kutazama minyororo ya spini 12, 14, 16, 18, 20, 22, kisha kuchora mstari unaoendelea mbele. Wanafizikia wa Ljubljana walifanya hivyo hasa. Walipima muda ambao mfumo unahitaji ili tabia zake zianze kufanana na za mfumo wa vurumai kamili, yaani ule unaofikia usawa wa joto, wakaona jinsi muda huo unavyopanda kadiri vurugu inavyozidi. Walipouendeleza mstari, mpaka wa kukwama ulikuwa unasogea mbele kadiri mnyororo unavyorefuka. Ukisogea hivyo bila kikomo, katika mfumo mkubwa wa kutosha hakuna kukwama kunakobaki.

Jambo linalonivutia kwa upande wao ni kwamba Prosen si mgeni aliyeingia kubomoa. Mwaka 2008 yeye, Marko Žnidarič na Peter Prelovšek walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba katika mfumo uliokwama mfungamano wa kikwanta haukomi kukua. Hukua polepole mno, kwa kasi ya logi ya muda. Matokeo hayo yakawa mojawapo ya alama za utambulisho wa hali hiyo. Mtu aliyesaidia kuijenga nyumba ndiye aliyekuja kuuliza kama ina msingi, na swali la mtu wa namna hiyo lina uzito wake.

Jibu la watetezi nalo lilikuwa zito. Dmitry Abanin na wenzake walichukua vipimo vya aina ile ile na kuvielekeza kwenye mifumo ambayo majibu yake yanajulikana kwa hesabu kamili. Wakaonyesha kwamba vipimo hivyo, katika ukubwa ambao kompyuta zinaweza, hupotoshwa vibaya na udogo wa mfumo, na vinaweza kumwelekeza mtu kwenye jibu lisilo sahihi hata pale kukwama kunapojulikana kwamba kupo. Kwa maneno mengine, kama spini 22 ni chache mno kuthibitisha kwamba kukwama kupo, basi ni chache mno pia kuthibitisha kwamba hakupo. Naona jibu hili ni sahihi, na naona pia kwamba liliwagharimu walioandika kuliko walivyokusudia, kwa sababu makali yake yanakata pande zote. Sehemu kubwa ya yale tuliyoambiwa kwa miaka kumi kwamba yameonekana kwenye kompyuta ilitokana na minyororo mifupi vilevile.

Hoja iliyo nzito kuliko zote dhidi ya umilele haikutoka kwenye kompyuta. Ilitoka kwa Wojciech De Roeck na François Huveneers mwaka 2017. Fikiria mnyororo mrefu sana wenye vurugu kali. Kwa bahati tupu, mahali fulani patakuwa na kipande ambamo vurugu ni ndogo. Kipande hicho kitapata joto ndani yake na kuwa hodhi dogo la joto. Hodhi litaigusa spini ya jirani na kuipatia joto. Spini hiyo ikishajiunga, hodhi limekua, na sasa linaigusa inayofuata; mfuatano huu ndio unaoitwa poromoko. Kuna mashindano mawili hapa. Kadiri spini ilivyo mbali na kiini cha hodhi, mguso unapungua kwa kasi ya kipeo. Lakini kila spini inayoongezwa inalifanya hodhi liwe na viwango vya nishati maradufu, vilivyosongamana zaidi, hivyo hata mguso dhaifu unatosha. Katika mstari mmoja, mshindi anategemea ukali wa vurugu: ikiwa kubwa vya kutosha, mguso unakufa kwanza na poromoko linasimama. Katika bapa la vipimo viwili au katika mchemraba wa vipimo vitatu, hodhi lina majirani wengi pande zote, na hoja inasema litashinda daima.

Mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya hoja hiyo kuchapishwa, kundi la Munich lilikuwa limeshafanya jaribio la atomu za rubidi katika bapa la vipimo viwili na kuona dalili za kukwama. Dalili hizo ni halisi na hakuna aliyezitilia shaka kama vipimo. Tukiikubali hoja ya poromoko, kama wanavyoikubali wengi hata miongoni mwa watetezi, basi kukwama kule kwa vipimo viwili si kwa milele. Ni polepole sana tu. Na kama jaribio la vipimo viwili linaonekana limekwama ilhali halijakwama, kwa mantiki gani jaribio la mstari mmoja, lililopimwa kwa muda unaolingana, litoe ushahidi wa umilele? Nimesoma utetezi mwingi wa hali hii na sijaona jibu linaloniridhisha kwa swali hilo. Maabara haiwezi kutoa ushahidi kuhusu milele. Atomu huvuja kutoka kwenye mtego, leza hutawanya fotoni na kuzitikisa, na jaribio linakwisha.

Baada ya hapo kazi nyingi zilihamia kwenye poromoko lenyewe. Mwaka 2022 Alan Morningstar, Huse na wenzao, na Dries Sels kwa njia yake, walikadiria ni vurugu kiasi gani inahitajika ili mnyororo uliounganishwa na hodhi upinge poromoko. Makadirio yao yalikuja mara kadhaa juu ya ile 3.7 ya zamani. Maana yake ni kubwa: eneo pana ambalo vitabu na mihadhara vililipaka rangi ya kukwama sasa linaonekana ni eneo la mifumo inayojikongoja kuelekea kwenye usawa wa joto. Mwaka 2023 kundi la Greiner lilichapisha jaribio ambamo waliunganisha kipande kisicho na vurugu na kipande chenye vurugu, na kuona jinsi joto la kipande cha kwanza linavyopenya ndani ya cha pili, na kadiri hodhi lilivyokuwa kubwa ndivyo kupenya kulivyozidi. Huse, ambaye jina lake limefungamana na hali hii kuliko la mtu mwingine yeyote aliye hai, alikuwa miongoni mwa waliousogeza mpaka mbali na nyumbani. Huo ni uaminifu wa kisayansi wa kiwango cha juu, na unastahili kusemwa waziwazi.

Je, wenye shaka wameshinda basi? Sioni hivyo. Kusogeza mpaka si kuufuta. Mwaka 2024 De Roeck na Huveneers, hao hao wa poromoko, wakiwa na Lydia Giacomin na Oskar Prośniak, walitoa uthibitisho wa kihesabu kwamba katika mnyororo wenye vurugu kali joto halisafiri kwa namna ya kawaida. Ule usambaaji tuliouzoea, ambao milinganyo ya joto imeutumia tangu enzi za Joseph Fourier, haupo humo. Hawakudai kwamba joto limesimama milele. Walidai kitu kidogo kuliko hicho, na wakakithibitisha. Kwangu mimi huo ndio mfano wa jinsi mjadala huu ungepaswa kuendeshwa tangu mwanzo.

Hapo ndipo ninaposema madai mawili yamechanganywa. Dai la kwanza ni kwamba mifumo yenye vurugu kali huhifadhi kumbukumbu yake kwa muda mrefu mno kuliko mifumo ya kawaida, na kwamba muda huo hukua kwa kasi ya ajabu kadiri vurugu inavyozidi. Dai hili limethibitishwa maabara, kwenye kompyuta na kwa kalamu, na mwenye shaka anayelipuuza anafanya kosa. Dai la pili ni kwamba katika mfumo usio na mwisho, muda huo hauna mwisho. Hili ni dai la hisabati, na hakuna mkusanyiko wa vipimo vya spini 22 wala atomu mia moja utakaolifikia. Anayelitoa ndiye mwenye deni la uthibitisho, si anayelikataa.

Watetezi watauliza: kuna haja gani ya kung'ang'ania milele, ikiwa almasi yenyewe, katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, si hali ya mwisho ya kaboni bali grafiti ndiyo, na bado hakuna anayesema almasi haipo? Swali hili ni zuri, na kwa kiasi kikubwa nalikubali. Mwaka 2021 watafiti wa Google walitumia kichakato chao cha kwanta chenye kyubiti 20, yaani vipande 20 vya taarifa ya kikwanta, kutengeneza kile kinachoitwa fuwele ya wakati, mfumo unaosukumwa kwa mapigo ya mara kwa mara na kujibu kwa mdundo unaochukua muda maradufu ya ule wa mapigo, na walitegemea vurugu kuuzuia usipate joto na kuyeyuka. Kwa kazi kama hiyo, muda mrefu unatosha. Mhandisi wa kumbukumbu ya kwanta hahitaji milele. Anahitaji sekunde kadhaa zaidi ya alizonazo.

Lakini almasi inatufundisha na upande wa pili. Mkemia anapozungumzia almasi anajua kabisa kwamba haipo kwenye usawa, anajua kizuizi kinachoizuia isigeuke, na anaweza kukadiria ukubwa wa kizuizi hicho. Haiandiki almasi kwenye ramani ya hali za usawa za kaboni mahali ambapo grafiti ndiyo yenye haki. Katika fizikia ya chembe nyingi ramani zilichorwa kwa wino wa kudumu kabla kizuizi hakijapimwa. Wanafunzi wa uzamivu walipewa mistari ya mpaka kana kwamba ni ya barafu na maji. Baadhi yao walitumia miaka ya ujana wao wa kisayansi kutafuta sifa za mpito uliokuwa, katika eneo walilolipima, ni mteremko wa taratibu tu wa mfumo mdogo. Hilo linanisikitisha kuliko upande upi ulikuwa sahihi.

Na kuna faida ya kifizikia katika kulichukua dai la pili kwa uzito badala ya kulitupa kama anasa ya wanahisabati. Poromoko la De Roeck na Huveneers lisingegunduliwa kama kila mtu angeridhika na muda mrefu. Ni kwa sababu mtu aliuliza nini hutokea katika mnyororo usio na mwisho, ambamo kila bahati mbaya lazima itokee mahali fulani, ndipo tukajifunza jinsi hodhi dogo linavyoweza kuukomboa mfumo mzima. Ujuzi huo sasa unatumika katika majaribio yenye makumi ya atomu, mbali kabisa na mipaka isiyo na mwisho.

Ningebadili msimamo wangu kwa mambo mawili. La kwanza ni uthibitisho kama wa Imbrie usiotegemea dhana yake kuhusu viwango vya nishati. Ukipatikana, kukwama kwa milele katika mstari mmoja kutakuwa ukweli, na watetezi watakuwa na haki ya kulitumia neno hilo bila kulipunguza, hata kama ni kwa vurugu kali kuliko zote walizowahi kuzipima. La pili ni kuugeuza uthibitisho wa mwaka 2024 uelekee upande wa pili: kuonyesha kwamba, ingawa joto halisambai kwa njia ya kawaida, bado linapenya hadi mwisho kwa mwendo unaoweza kuhesabiwa. Kabla mojawapo halijatokea, ningependa kila andiko linalotaja hali hii ya mata liseme, katika ukurasa wake wa kwanza, mnyororo ulikuwa na urefu gani na ulitazamwa kwa muda gani.